Kuondoa nitrati kwenye maji ya mgodi kwa bakteria: mwongozo kamili wa kupima, kukokotoa na kuendesha mtambo

Baruti inayotumika zaidi kupasulia miamba migodini ni ANFO: chembechembe za amonia nitrati, asilimia 94, zilizochanganywa na dizeli, asilimia 6. Chembechembe hizo huyeyuka upesi kwenye maji. Zinazomwagika wakati wa kujaza mashimo, zinazolowa kabla ya kulipuliwa na zinazobaki ndani ya kifusi, zote huishia kwenye maji yanayopampiwa kutoka shimoni au yanayochuruzika kutoka vilima vya mawe taka. Ndiyo maana mgodi wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa au wa shaba wa Katanga unaweza kukuta nitrati nyingi kwenye maji yake hata kama hakuna shamba lenye mbolea karibu.

Nitrati haitoki kwa kuchemsha maji, haizuiwi na chujio la mchanga, wala haigandishwi na chokaa au shabu. Chujio la utando huitenga tu, kisha hukuachia maji ya chumvi yenye nitrati nzito kuliko ya mwanzo. Ikiingia kwenye visima vya kijiji, huwadhuru kwanza watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga, kwa kuwa huzuia damu kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa. Bakteria wanaweza kuigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kazi ikaishia hapo.

Bakteria wenyewe si tatizo, kwani wapo kwenye udongo, kwenye matope ya mabwawa na kwenye kila mtambo wa majitaka. Kinachoamua kama mtambo utafanya kazi ni hesabu ya chakula: kilo ngapi za nitrati zinaingia leo, na kilo ngapi za kaboni unazowapa bakteria leo. Anayemimina molasi kwa mazoea, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, atapata nitriti (sumu inayobaki kazi ikikatika njiani) wiki hii na harufu ya mayai viza wiki ijayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo na hesabu.

Kinachotokea ndani ya tangi

Bakteria wa jamii za Paracoccus, Pseudomonas na Thauera hupumua oksijeni inapokuwepo. Ikikosekana, hupumua nitrati badala yake. Huibomoa kwa ngazi: nitrati huwa nitriti, kisha oksidi ya nitriki, kisha oksidi ya nitrasi, mwisho gesi ya naitrojeni. Wafaransa Gayon na Dupetit walikuwa wameshalieleza jambo hili kule Bordeaux katika miaka ya 1880.

Kuna mambo matatu ya kushika hapa. Kwanza, oksijeni iliyoyeyuka ikizidi takriban miligramu 0.5 kwa lita, bakteria huiacha nitrati, maana oksijeni huwapa nguvu zaidi. Pili, wanahitaji chakula chenye kaboni, na maji ya mgodi karibu hayana. Tatu, kazi ikikatika njiani hubaki nitriti, ambayo ni sumu kuliko nitrati uliyokuwa unaiondoa, au hutoka oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Hatua ya 1: Pima maji, na upime sawasawa

Anza na vipimo vya maji yanayoingia: nitrati, nitriti, amonia, COD (kipimo cha chakula kilichomo kwenye maji, kwa uzito wa oksijeni inayohitajika kukiunguza), pH, oksijeni iliyoyeyuka, joto, fosforasi, salfeti, kloridi, na metali kama shaba, zinki na aseniki. Usichote chupa moja saa nne asubuhi ukaamini umemaliza. Nitrati hupanda na kushuka kufuatana na siku za kulipua na mvua, hivyo changanya sampuli za saa 24, na urudie kwa wiki kadhaa, za kiangazi na za masika. Pima pia wingi wa maji kwa siku, kwa sababu mtambo hupangwa kwa kilo, na miligramu kwa lita peke yake haikuambii kilo.

Sampuli ichujwe papo hapo na iwekwe kwenye barafu. Usipochuja, bakteria wataendelea kula nitrati ndani ya chupa njia nzima kuelekea maabara, nawe utaletewa majibu mazuri ya uongo.

Kosa linaloharibu miradi mingi ni la vipimo viwili vinavyofanana jina. Maabara moja huandika nitrati yenyewe, nyingine huandika naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Kupata naitrojeni, gawanya nitrati kwa 4.43. Kile kikomo cha 50 ni sawa na 11.3 kikiandikwa kama naitrojeni. Uliza maabara yako, soma kibali chako cha mamlaka ya mazingira (NEMC, NEMA) au mamlaka ya bonde la maji, kisha andika kipimo kimoja tu kwenye daftari lote. Kuanzia hapa, kila ninapotaja N ninamaanisha naitrojeni iliyomo.

Maji yaliyopita kwenye kiwanda cha kuchenjulia dhahabu yasichanganywe na haya. Yana sianidi na thiosianeti, ambazo huwadhoofisha hasa bakteria wanaogeuza amonia. Yana mtambo wake na taratibu zake.

Hatua ya 2: Punguza kwenye chanzo

Kabla ya kununua tangi, zungumza na watu wa baruti. Mashimo yenye maji yajazwe baruti ya emalshani, ambayo haiyeyuki kirahisi kama ANFO. Iliyomwagika ikusanywe, isifagiliwe shimoni. Muda kati ya kujaza na kulipua ufupishwe. Kila kilo ya amonia nitrati iliyookolewa ni gramu 350 za naitrojeni ambazo hutazigharimia molasi, umeme wala matope.

Hatua ya 3: Chagua aina ya mtambo

Angalia amonia kwanza. Naitrojeni ya amonia nitrati ni nusu amonia, nusu nitrati, na bakteria wa kuondoa nitrati hawaigusi amonia isipokuwa kiasi kidogo cha kujengea miili yao. Amonia ikiwa nyingi, inatakiwa tangi la kupuliza hewa litangulie ili bakteria wengine waigeuze kuwa nitrati. Kazi hiyo hula kilo 4.57 za oksijeni na kilo 7.14 za ukali wa chokaa (uwezo wa maji kuhimili tindikali, tunaoupima kama kalisi kaboneti) kwa kila kilo ya N. Tangi la nitrati litakurudishia kilo 3.57 za ukali huo.

Kama wewe ni wa machinjio au kiwanda cha maziwa, hali yako ni nafuu zaidi: majitaka yako yana chakula chake. Weka tangi lisilo na hewa mbele, lenye hewa nyuma, kisha rudisha maji yenye nitrati mbele yakutane na majitaka mabichi. Mpangilio huu ulinyooshwa na James Barnard wa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina la mfumo wa Bardenpho limebeba herufi za jina lake. Ukirudisha jumla ya mara nne ya maji yanayoingia, unaweza kuondoa hadi asilimia 80 ya nitrati. Kupita hapo unahitaji tangi la pili lisilo na hewa.

Maji ya mgodi hayana chakula, kwa hiyo tangi lisilo na hewa hukaa mwisho na chakula huletwa kutoka nje.

Kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza ni handaki lililojazwa vipande vya mbao, ambalo maji hupita taratibu huku mbao zenyewe zikiwa chakula. Mashamba ya Iowa, Marekani, hulitumia kwa maji ya mifereji. Halihitaji umeme wala fundi wa zamu, lakini huondoa kama gramu 2 hadi 10 tu za N kwa mita ya ujazo kwa siku, na miezi ya mwanzo hutoa maji ya kahawia. Linafaa mchirizi mdogo wa kilima cha mawe taka, hata baada ya mgodi kufungwa. Ya pili ni kitanda cha salfa na mawe ya chokaa, ambamo bakteria kama Thiobacillus denitrificans hula salfa badala ya kaboni. Hakina harufu ya molasi, lakini kila gramu ya N inayoondolewa huongeza karibu gramu 7.5 za salfeti kwenye maji. Pale ambapo salfeti tayari iko juu, na migodini mara nyingi iko juu, mimi nisingekichagua.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye chupa

Usijenge kabla ya jaribio hili. Gharama yake ni siku moja ya kazi. Chukua lita moja ya matope hai, yaani yaliyojaa bakteria, kutoka mtambo wa majitaka, uyaache bila hewa mpaka nitrati yake iishe. Ongeza maji ya mgodi na molasi, koroga taratibu, funika. Kila baada ya dakika 20 au 30 chota, chuja, pima nitrati na nitriti. Mwishoni kausha na kuchoma matope ili ujue gramu ngapi za uhai zilikuwemo, yaani VSS.

Mteremko wa nitrati ukigawanywa kwa gramu hizo ndiyo kasi yako halisi. Rudia kwa maji yasiyo na metali za mgodi. Kasi ikiwa juu zaidi pale, kuna kitu kwenye maji yako kinachowasumbua bakteria, na ni heri ukijue leo.

Hatua ya 5: Kokotoa

Huu ni mfano wa hesabu. Maji ni mita za ujazo 400 kwa siku, yenye miligramu 40 za N kwa lita, nawe unataka yatoke na 5.

Mzigo wa kuondoa: 400 × 35 = gramu 14,000, yaani kilo 14 za N kwa siku.

Chakula: kinadharia kilo moja ya N inahitaji kilo 2.86 za COD, lakini bakteria hutumia sehemu ya chakula kujenga miili yao, hivyo kwa kweli hesabu huwa kati ya 4 na 6. Tuchukue 5: kilo 70 za COD. Maji yanaingia pia na oksijeni, tuseme miligramu 7 kwa lita, ambayo bakteria wataimaliza kwanza. Hiyo ni kilo 2.8 za oksijeni kwa siku, na kwa kuwa hapa pia sehemu ya chakula huenda kujenga miili, ongeza kilo 5 za COD. Jumla ni kilo 75 za COD kwa siku.

Molasi: ya viwanda vya sukari huwa na karibu kilo 0.75 za COD kwa kilo, lakini hubadilika, kwa hiyo pima kila shehena. Kilo 75 ÷ 0.75 = kilo 100 kwa siku, kama lita 70.

Ukitumia methanoli, kuna kanuni ya McCarty na wenzake ya 1969 ambayo bado inatumika: miligramu za methanoli kwa lita ni 2.47 × N ya nitrati, jumlisha 1.53 × N ya nitriti, jumlisha 0.87 × oksijeni iliyoyeyuka. Methanoli huzalisha matope machache na haipaki maji rangi. Hata hivyo ni sumu, hushika moto kwa mwali usioonekana vizuri mchana, na bakteria huchukua wiki kadhaa kuizoea. Kwa mgodi ulio mbali, molasi ni salama zaidi na hununuliwa hapa hapa, kutoka Kilombero, Moshi au Kagera. Ubaya wake ni rangi ya kahawia na matope mengi. Asidi ya asetiki huanza kazi upesi kuliko zote, ila bei yake ni kubwa. Mimi ningeiweka akiba ya dharura.

Ukubwa wa tangi: tuseme jaribio lilikupa kilo 0.1 za N kwa kilo ya VSS kwa siku, na utashikilia kilo 3 za VSS kwa mita ya ujazo. Kila mita ya ujazo itaondoa kilo 0.3, na 14 ÷ 0.3 ni karibu mita 47. Zidisha kwa 1.5 kwa ajili ya siku mbaya: jenga mita 70. Linganisha na mbao: kilo 14 zingehitaji handaki la angalau mita za ujazo 1,400.

Fosforasi: hii husahaulika kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa majitaka ya majumbani huwa nayo tele na maji ya mgodi hayana. Kilo 75 za COD zitazaa takriban kilo 22 za miili ya bakteria, ambayo asilimia 2 ni fosforasi, yaani karibu kilo 0.45. Mbolea ya DAP ina asilimia 20 ya fosforasi, kwa hiyo kilo 2.2 kwa siku zinatosha. Amonia iliyomo ndani ya DAP italiwa na bakteria wanapokua.

Hatua ya 6: Jenga kwa kuogopa hewa

Tangi liwe na kina kuliko upana. Bomba la kuingizia liishie chini ya uso wa maji, lisimwage kutoka juu, maana maji yanayoporomoka hubeba hewa. Kikorogeo kizunguke taratibu, kiasi cha kuzuia matope yasitue, bila kuvuta hewa kutoka juu. Molasi iingie pale maji yanapoingia. Ipunguzwe kwa maji ili pampu iivute, na ichanganywe ya siku moja tu, kwani ikilala huchacha.

Baada ya tangi hili weka tangi dogo la kupuliza hewa. Lina kazi mbili: kumaliza molasi iliyobaki, na kufukuza mapovu ya naitrojeni yaliyoshikamana na matope. Bila hilo, matope yataelea kwenye tangi la kutuamishia na kumwagika pamoja na maji safi. Matope yaliyotua hurudishwa mwanzo kwa pampu.

Hatua ya 7: Panda mbegu na uongeze mzigo polepole

Leta matope hai kutoka mtambo wa majitaka wa mji au wa kiwanda cha bia. Yasafirishwe siku hiyohiyo. Vifurushi vya bakteria wa unga huuzwa kwa ahadi kubwa. Sioni sababu ya kuvinunua wakati matope ya bure yana bakteria wengi zaidi, hai, na waliozoea hali ya hewa ya kwetu.

Jaza mpaka upate angalau gramu 2 kwa lita. Anza na robo ya mzigo. Nitrati na nitriti zikikaa chini siku tatu mfululizo, ongeza robo nyingine ya mzigo kamili. Nitriti ikipanda, simama hapo hapo ulipo. Kwa kawaida kazi hii huchukua wiki mbili hadi sita. Joto letu linasaidia sana: kati ya nyuzi 25 na 35 bakteria hawa hufanya kazi karibu mara mbili ya kasi wanayokuwa nayo joto likipungua kwa nyuzi 10.

Hatua ya 8: Zamu ya kila siku

Asubuhi na jioni: nitrati na nitriti inayoingia na inayotoka, oksijeni ndani ya tangi, pH, wingi wa maji, kilo za molasi zilizotumika. COD inayotoka mara moja kwa siku. Kisha badilisha kiasi cha molasi kufuatana na kilo za N zilizoingia, siku hiyohiyo. pH ikae kati ya 7 na 8.5.

Tahadhari mbili za maabara. Vipimo vingi vya karatasi husoma nitriti kama nitrati, kwa hiyo pima zote mbili. Nitriti pia hupandisha COD, miligramu 1.1 kwa kila miligramu ya N. Ukiona COD imeruka bila sababu, asidi ya salfamiki huondoa nitriti kabla ya kupima.

Ukiona mambo hayaendi, soma dalili hivi.

Nitrati juu, COD inayotoka chini: chakula hakitoshi. Ongeza molasi kwa asilimia 10, ngoja siku.

Nitrati juu, COD nayo juu: usiongeze molasi. Chakula kipo, ila bakteria hawakili kwa kupumua nitrati. Kagua oksijeni, fosforasi, pH, kisha sumu, kwa mpangilio huo.

Nitriti imejikusanya: mara nyingi chakula kimepungua kidogo, au fosforasi imeisha, au mzigo uliongezwa haraka. pH ikishuka chini ya 7 nitriti huzidi kuwa sumu kwa bakteria wenyewe, kwa hiyo irudishe juu kwa chokaa kwanza.

Harufu ya mayai viza na matope meusi: nitrati imeisha, molasi imezidi, bakteria wengine wamegeukia salfeti. Punguza molasi mara moja.

Usalama

Harufu hiyo ni salfidi ya hidrojeni. Kwa viwango vikubwa huua pua kwanza, mtu akadhani imekwisha, kisha huua mtu. Mtu asiingie tangi hata tupu bila kipima gesi, upepo wa kutosha, mkanda wenye kamba na mwenzake wa nje. Na mwenzake huyo asiingie kuokoa bila mtungi wa hewa. Katika ajali za namna hii mwokoaji mara nyingi hufa pamoja na aliyemfuata.

Mgodi ukisimama

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, zima molasi kabla ya yote. Pampu ya molasi inayoendeshwa na jenereta huku maji hayaingii itaozesha tangi zima. Mgodi ukisimama kwa wiki, acha kikorogeo kikizunguka vipindi vifupi, na kila siku wape bakteria sehemu ya kumi ya molasi ya kawaida. Nitrati ikiisha kabisa, ongeza maji kutoka bwawa la akiba, au mbolea ya CAN kidogo (nayo ina nitrati), ili matope yasigeukie salfeti. Siku ya kurudi, anza na nusu ya mzigo na upime nitriti baada ya saa nne, kabla ya kufungua valvu ya maji yanayokwenda mtoni.